Radhi ya Mwamvua

Ujiji, 9 Juni 2024

Mjukuu wangu Sofia, mke wangu mdogo wa mtaa wa Kimanga,

Pokea salaam za mumeo mzee, ambaye magoti yamemwasi lakini macho bado yanamtii. Huku tunaendelea. Upepo wa kusini umeanza, na dagaa wamekuwa haba hata paka wa jirani yangu Mama Niyonzima amehamia kwangu, akidhani mtu mwenye vitabu vingi lazima ana samaki pia. Bado najalidi misahafu na vitabu vya madrasa. Mikono inatetemeka kidogo asubuhi, kwa hiyo nashona baada ya adhuhuri.

Nipe habari za kaka yako Akram huko Lubumbashi. Na mpe bibi yako, dada yangu Mwamvua, pole ya meno. Mama Niyonzima alinisikilizisha kwenye simu sauti yake ya mwezi wa nne, baada ya kung'olewa yale mawili ya mbele, na nikacheka peke yangu njia nzima. Miaka sabini na minne naitwa Nasoro, leo nimekuwa Nathoro.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, nimeikunja mara tatu. Ni ya Mwamvua. Kwa kuwa macho yake yameingia ukungu, utamsomea wewe, siku ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani.

Labda unajua, labda hujui, maana kwetu hakuna anayelisema. Mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, niliwavusha ziwa wanangu na masanduku ya vitabu vya duka langu, nikamwacha mama yetu mgonjwa mikononi mwa Mwamvua. Niliahidi kurudi na boti baada ya siku mbili. Sikurudi. Mama alifariki wiki ya tatu, na Mwamvua akamwosha na kumzika pamoja na majirani wawili. Tangu siku hiyo nimetoa sababu moja, ile ile, kwa kila aliyeniuliza. Haikuwa ya kweli. Ya kweli nimeiandika katika karatasi hiyo, na chini yake nimemwomba dada yangu radhi. Mama hayupo tena wa kunipa. Aliyebaki na haki hiyo ni yeye.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayosikilizia ni ya Mama Niyonzima, na akinishikia anasimama karibu kama mtu aliyeshika taa. Siwezi kuomba radhi nikimulikwa.

Barua anayo Mama Élisabeth, yule muuza mawese anayevuka na boti. Akichelewa, usimlaumu. Ziwa lina wenyewe siku hizi.

Anayekukumbuka kila akila migebuka ya ziwa letu,
Babu yako Nasoro


Uvira, 21 Julai 2024

Mume wangu wa ng'ambo, Babu Nasoro,

Shikamoo. Barua yako ilitumia wiki tano kuvuka maji ambayo ndege anayavuka asubuhi moja. Boti zilisimama kwa sababu ya hali ya usalama, na Mama Élisabeth alikwama Kigoma na mapipa yake matupu. Amefika akitukana hata upepo.

Tuko wazima, isipokuwa mkono wangu. Mara ya mwisho kujaza ukurasa kwa kalamu ilikuwa mtihani wa mwisho wa sekondari, na wakati ule nilijua nitapewa alama. Akram anasalimu. Ni mwaka wa nne hajatia mguu hapa, lakini kila Ijumaa anamtumia Bibi sauti, na Bibi anamjibu kwa kumgombeza.

Kazi ni ile ile: chumba kimoja, sahani mbili za umeme wa jua juu ya bati, kompyuta moja. Nachaji simu za watu, naweka nyimbo, na zaidi ya yote napanga picha. Sijui kama huko wanapanga. Mtu anakuja na picha ya harusi yake na picha ya baba yake aliyefariki zamani, anasema, "Sofia, niwekee mzee hapa pembeni yangu." Namweka. Wiki hii nimemvalisha suti baba wa watu aliyepigwa picha na kaptula, na kichwa chake nimekigeuza kidogo aonekane anamtazama bibi harusi. Mwanawe alilia pale pale dukani.

Karatasi nilimsomea Bibi Ijumaa baada ya swala. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo na hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa boti." Nikasoma tena. Akachagua, akachagua. Nikamuuliza, nimwandikie babu nini? Akasema:

"Weye usiandike kitu. Minye nitamujibu na mudomo yangu."

"Turekodi sasa, Bibi?"

"Sasa iko mchele."

Basi ngoja, babu. Amesema atajibu. Kifua kinambana kidogo, vumbi la kiangazi, lakini anasali kwa kusimama na anakula. Anakusalimu, na amesema paka huyo umfukuze, paka wa watu huleta maneno.

Na mimi, baada ya kusoma ile karatasi kwa sauti, nilikaa siku mbili sijui nikusalimuje. Nimeamua nikusalimu kama kawaida.

Mkeo mwenye vidole vyenye wino,
Sofia


Ujiji, 25 Agosti 2024

Mjukuu wangu Sofia,

Salaam kwako, kwa nyumba yote, na kwa Mwamvua salaam ya pekee. Asante kwa kunisalimu kama kawaida. Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nyingine zote.

Hapa hakuna jipya la kuchosha kalamu. Maembe machanga yameanza kuanguka kwa upepo na wanafunzi wanayala na chumvi. Msahafu mmoja niliojalidi mwaka 1999 umerudi kwangu umechakaa, na nimefurahi kuona uzi wangu haukukatika, ni karatasi ndizo zilizochoka.

Sauti haijaja. Kila alasiri naenda kwa Mama Niyonzima. Zamani nilikuwa natafuta kisingizio, kuomba moto au kurudisha bakuli. Sasa naingia tu na kukaa. Juzi akaniambia, "Mzee, leo tena? Haijaingia. Labda dada yako ameishiwa mega za simu."

Ana binti, Claudette, wa miaka kumi na tisa. Mwezi wa sita nilikuwa namcheka. Anamwandikia mtu ujumbe, na kabla hajaiweka simu chini anaitazama tena. Dakika ikipita uso unabadilika: "Amenisoma, amenyamaza!" Nikamwambia, binti, mimi nimengoja majibu miezi mitatu, barua ikazama pamoja na boti, nikaandika nyingine na sikumkasirikia mtu. Akanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama kilema. Nilijiona nina hekima. Niliamini kwamba ninyi mliozaliwa na simu mkononi mmenyang'anywa kitu, ule uwezo wa kukaa na neno ambalo halijajibiwa bila kulifanya tusi.

Jana, Sofia, nilimuuliza Claudette kama kuna alama ya kuonyesha kwamba dada yangu amesikia. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee naye ameingia!" Nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mzigo. Miaka ishirini na minane niliweza kungoja kwa sababu sikuwa nimeuliza. Tangu nimeuliza, siku moja ni ndefu.

Kwa hiyo nakuomba neno moja. Usimharakishe. Lakini akikataa, usinifiche kwa huruma. Hata kama ni hapana, niletee hiyo hapana, nitaipokea kwa mikono miwili.

Wako katika kungoja,
Babu Nasoro


Uvira, 14 Septemba 2024

Babu,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Mvua ya kwanza imenyesha na barabara ya sokoni imekuwa tope. Akram alikuja mwezi uliopita, akakaa wiki mbili, amerudi Lubumbashi.

Sauti ya Bibi nimeituma Alhamisi kwenye simu ya Mama Niyonzima. Ni fupi lakini ina kila kitu. Amekuwia radhi. Sasa pumzika, babu, ulale vizuri.

Kazi imekuwa nyingi, nisamehe kwa ufupi. Mkono unauma.

Mjukuu wako,
Sofia


Ujiji, 6 Oktoba 2024

Sofia,

Amani iwe juu yako na juu ya nyumba.

Nimeisikiliza. Ni sekunde kumi na moja. Nayaandika maneno yake yote ili ujue sikosei: "Nimekuwia radhi, mwanangu. Yamepita, yamekwisha. Sali, ule, ulale salama."

Mara ya kwanza nililia. Sioni haya kukwambia. Mama Niyonzima aliacha jiko lake akanishika bega, na Claudette akaiweka simu yake chini bila kuitazama tena. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nililala usingizi ambao sikuulala tangu nilipovuka.

Siku ya tatu niliomba nisikie tena, kwa sababu mtu aliyepewa kitu kizuri hutaka kukishika tena. Na hapo, kwa bahati mbaya, nilisikiliza kama mjalidi. Mjalidi akipewa kitabu hatazami jalada, anatazama mshono.

Mwamvua hawezi kusema "sali" wala "salama" hivyo. Tangu mwezi wa nne hawezi. Sauti uliyonitumia ina meno.

Kabla ya "mwanangu" kuna tundu. Pumzi inaingia na haitoki, kama ukurasa uliochanwa karibu na uzi. Na huyo mwanangu si mimi. Mimi ni mdogo wake. Ananiita kwa jina, na akikasirika ananiita Bwana Vitabu.

Barua yako ya Septemba ndiyo habari ya kwanza kutoka kwenu katika miaka yote isiyo na salamu yake. Na Akram, ambaye kwa miaka minne hakuja kwa Idi wala kwa harusi, amekuja wiki mbili.

Nimeyaweka haya pamoja na yameshikana. Ninalolisoma humo sitaliandika, maana si juu yangu kulisema. Wewe unajua adabu yetu. Habari hiyo haipigiwi simu. Anatumwa mtu. Anaingia, anakaa chini, anakaribishwa maji na anayakataa, na mwenye nyumba anajua kabla hajaambiwa. Kama hakuna wa kuja, andika kwa mkono wako, hata ukiuma. Mama Élisabeth atakuwa mtu wako.

Kuna jambo la pili, na Mungu anisamehe kwa kuwa linanisumbua sawa na la kwanza. Nilikuomba hata hapana. Wewe umeniletea radhi ya mtu mwingine. Nimeijaribu, Sofia. Nilitaka inienee. Haikunienea.

Dada yangu alisema nini?

Nasoro


Uvira, 2 Novemba 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Nimempa Mama Élisabeth barua hii mkononi nikamwambia: ukifika kwa babu, usinywe maji kabla hajaifungua. Alicheka. Halafu akanitazama, akaacha kucheka.

Bibi Mwamvua alifariki Ijumaa, tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi. Kilikuwa kifua. Alhamisi alikuwa anaongea, alimtuma mtu chumvi. Tulimzika alasiri ya siku hiyo hiyo, kule mlimani, pembeni ya mama yenu. Hakuteseka muda mrefu. Sisi ni wa Mungu, na kwake tunarejea.

Nimeliandika. Nimelikwepa miezi mitatu, na limeingia katika mistari minne.

Nakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Siku ile bandari ilikuwa imefungwa, hakuna aliyeweza kuvuka. Akram alisema habari hii haipigiwi simu, tungoje, ataenda mwenyewe. Likizo yake ikaisha na bandari haijafunguka. Alikataza hata mtu yeyote wa nyumba kuweka picha ya Bibi na maneno ya msiba kwenye simu, isije ikakufikia kwa Claudette kabla ya mtu. Watu wa Kimanga wakatushangaa, wakasema wajukuu hawana uchungu. Ikafika arobaini. Halafu ikaja barua yako ya kungoja.

Mimi nina sauti zake mia mbili na kumi na nne. Za kuniambia ninunue sabuni, za kumgombeza Akram, za kuuliza mvua kama iko mjini pia. Kila siku niko nazo. Wazazi wako walipozikwa walikwenda na sauti zao. Sisi tunazika mtu, tunarudi nyumbani, na picha yake inacheka juu ya orodha ya simu, na ukigusa anaongea. Kwangu mimi hakuwa amekufa sawasawa. Ndiyo maana niliweza.

Ile uliyosikia ni ya mwaka 2020. Ni jibu lake kwa Akram, alipoondoka kwenda Lubumbashi bila kuaga, kisha akamwomba radhi. Nilikata jina la Akram. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya viazi. Na babu, haikuonekana kwangu uongo. Mimi nimewaweka wafu wangapi kwenye harusi? Hakuna aliyerudi kuniambia, huyu baba hakuwepo. Wanalipa, wanatundika ukutani, wanatulia. Nilitaka utulie. Wewe ni wa kwanza kurudisha picha.

Lakini uniwie radhi, niseme na hili, halafu nitanyamaza. Uliandika kwamba sisi tumenyang'anywa kitu. Labda. Lakini na wewe ulikata. Miaka ishirini na minane ulituma sauti moja, "hakukuwa na boti", na sisi tumekua tukiisikia. Mama yangu amekufa anaiamini. Watu wazima mnasema watoto wa simu wanafuta kila kitu. Ninyi mulifuta bila simu.

Sasa swali lako. Nitakwambia lote, kama lilivyokuwa.

Nilipomsomea mara ya pili, pale ulipoandika kwamba boti ilikuwepo, nahodha alikuwa tayari kurudi, na wewe ndiye uliyemwambia mungoje kwa sababu uliogopa, Bibi alisema:

"Minye nilijuaga."

"Ulijua nini, Bibi?"

"Boti. Nahodha mwenyewe alikuyaka hapa, mwaka ule ule. Alikaa pale pa mukeka, akaniambia yote."

"Na hukumwambia babu kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja yeye aseme."

Siku nne baadaye, Jumanne tarehe 23 Julai, akaniita. Alikuwa na ungo wake. Akasema, "Washa." Nikawasha, nikamshikia karibu na mdomo. Alisema jina lako. Halafu hakusema tena. Nilimpa ishara kwamba iko inaenda, akanipa ishara kwamba anajua. Akaendelea kuchagua mchele. Dakika nne na sekunde sita. Halafu akasema, "Zima."

Nikamwambia, "Bibi, hujasema kitu. Turudie?"

"Nimemaliza. Mutumie."

Sikuituma. Kwetu, babu, sauti isiyo na maneno ni kosa la mkono, ni simu iliyojibonyeza mfukoni. Ukimtumia mtu atakuuliza, ulitaka nini? Nilimwonea haya Bibi. Nikasema nitamwomba kesho aseme vizuri. Kesho kifua kikazidi, na kesho kutwa, halafu hivyo.

Hilo ndilo kosa langu, kuliko lile la kukata. Aliniambia mutumie, na mimi nikajiona najua zaidi yake ujumbe ni nini.

Sikuifuta. Siku Mama Élisabeth atakaponipigia kwamba umesoma barua hii, nitaituma kwa Mama Niyonzima. Sijaigusa.

Sijui kama utaniita tena mkeo. Mimi nakuita babu.

Sofia


Ujiji, 24 Novemba 2024

Mjukuu wangu Sofia,

Salaam na pole. Pole yako nimeichelewesha, maana nililiwa na yangu kwanza. Uliishi naye, ulimpikia, ulimshikia simu mdomoni. Msiba ni wako kabla ya kuwa wangu.

Mama Élisabeth alifika Jumamosi saa tano. Alikaa chini. Nilimkaribisha maji, akatazama bakuli, akasema, "Hapana, mzee." Basi. Alifanya kama ilivyopasa, na ingawa si wa dini yetu alikaa siku zote tatu akipika na Mama Niyonzima kwa ajili ya watu waliokuja kunipa pole. Wengi wao hawakumjua Mwamvua. Walikuja kwa sababu na wao wana mtu upande ule.

Siku ya nne nilikwenda kusikiliza. Kwa mara ya kwanza Mama Niyonzima alinipa simu mkononi akatoka nje, akamvuta na Claudette.

Nakuandikia kilichomo, maana nadhani hukuwahi kuisikiliza hadi mwisho. Kuna mchele. Unasikika ukirushwa na kuanguka, na kila baada ya muda kuna punje inayogonga kitu cha bati. Hayo ni mawe anayotupa kwenye sahani. Kuna pikipiki inapanda barabara. Kuna mwanamke mbali anamwita mtu arudishe beseni. Na karibu kabisa kuna pumzi yake, inakwaruza. Hapo ulipaswa kusikia kifua, lakini sikulaumu, mimi nilisikia kwa kuwa nilijua.

Jina langu alilisema mwanzoni, kwa ulimi wake wa mwisho, ule wa mwaka huu. Karibu na dakika ya pili alivuta pumzi kama mtu anayeinua ndoo, nikashika kiti. Akaitoa. Akarudi kwenye mchele. Kabla ya kusema "zima" aliacha kuchagua. Kwa sekunde chache hakuna kinachosikika, hata mchele. Mkono ulikuwa umetulia. Halafu, "Zima."

Claudette alichungulia mlangoni, akataka kunisaidia. "Mzee, nikutolee kimya? Libaki jina, uwe unasikia jina tu." Anakupenda bila kukujua, Sofia, mnafanya kazi moja. Nilimwambia hapana. Nikamwomba afute ile nyingine ya sekunde kumi na moja. Ile ni ya Akram, na kwake ni kweli tupu. Mwambie aitunze.

Wazee wenzangu hapa wananiambia kunyamaza ni kuridhia, nimshukuru Mungu, nimepata. Wananitakia mema kama ulivyonitakia wewe. Lakini maisha yangu yote nimeshika vitabu vya watu, na mahali mwandishi alipoacha wazi sikuwahi kujaza. Sikusikia radhi humo. Sikusikia kukataliwa pia. Nilisikia dada yangu akikaa na mimi dakika nne, akijua kwamba namsikia, na hilo hakunipa katika miaka yote aliyonieleza habari za bei ya sabuni. Sidai zaidi.

Kuhusu ulilosema, kwamba na mimi nilikata. Niliisoma sentensi hiyo nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ni kweli. Nilitaka kukuandikia kwamba kuna tofauti, nikaanza, nikachana karatasi mbili. Hakuna tofauti ninayoweza kuionyesha. Wewe ulisema uongo wako mwezi mmoja na nusu, na ulipoulizwa ulisema kweli. Mimi sikuulizwa na sikusema, na aliyekuwa na haki ya kusikia alikuwa anajua tayari, ananingoja. Ningejua kwamba ananingoja! Lakini hiyo ndiyo sentensi ya watu waoga wote.

Kwa hiyo nakuja. Nimeongea na Mama Élisabeth; kuna boti Alhamisi, tarehe 5 Desemba, kama bandari haitafungwa tena. Mama Niyonzima anasema nina wazimu, miaka sabini na minne na magoti haya, na hali ilivyo huko. Sikumbishia. Nimempa funguo za chumba, na kitabu kimoja cha madrasa nilichobakiza kushona nimekirudisha kwa mwenyewe hivyo hivyo, nusu.

Unipeleke mlimani kwa wale wawili. Nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba boti ilikuwepo. Hawatanijibu, najua. Nataka niwe nimesema mahali ambapo ilipaswa kusemwa, na wewe uwe umesikia, ili siku wanao wakikuuliza usiwe na sauti moja tu ya kuwapa.

Usiwaambie watu. Usije na umati bandarini, wala usinipige picha nikishuka. Njoo peke yako, vaa viatu visivyoteleza, unishike mkono. Mawe ya bandari ya Kalundu huwa na utelezi kwenye mvua hizi, na mimi nimesahau pa kukanyaga.

Nasoro